Nguo Nyeusi za Tusekile

Ijumaa ile mchana Tusekile alitoa nguo zake zote kabatini, moja baada ya nyingine, akazitandaza kitandani mpaka shuka la maua likafunikwa lote. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Tukuyu isiyo na haraka ya kwenda popote, na chumba kilikuwa na giza kiasi kwamba usingeweza kusema gauni linaishia wapi na koti linaanzia wapi.

Sauda, rafiki yake aliyeuza vitenge fremu ya pili kutoka kwake, alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Shoga yangu, hapa nikuchagulie nini? Nyeusi, nyeusi, nyeusi, na hii nyeusi iliyopauka."

"Haijapauka. Niliichemsha hivyo makusudi."

"Na Jumapili unakwenda ukweni."

"Bado si ukweni."

"Ndiyo maana nasema tuchague vizuri."

Tusekile hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavuta sketi moja mapajani, akaanza kuipapasa mshono kwa mshono kama anayetafuta palipofumuka.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi cherehani mwenye fremu yake Makandana, kwenye barabara ya kwenda hospitali. Kwaya tatu za mjini zilivaa sare alizozikata yeye, na mabibi harusi walitoka hadi Lupepo kuja kupimwa. Wote hao aliwashonea rangi walizozitaka. Mwilini mwake mwenyewe hakuweka rangi yoyote. Hali hiyo ilimwanza akiwa chuo cha ufundi Mbeya, siku mwenzake alipomwonyesha kwenye simu picha za vijana wa nchi za mbali: kola za lesi, mabuti mazito, midomo myeusi, macho yaliyozungushiwa wanja. Walijiita magothi. Wenzake chumbani walipiga kelele na kumwomba Mungu awaepushe. Tusekile aliishika ile simu muda mrefu, moyo ukimwenda mbio, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ukoo wake asioujua.

Baadaye akagundua hayuko peke yake. Mwalimu mmoja wa Iringa, muuguzi wa Mbeya, kinyozi wa Dar es Salaam. Walipofika kumi na mmoja wakafungua kundi kwenye simu, wakaliita Ukungu. Mmoja akishona kitu, anapiga picha anatuma, na wengine kumi wanashangilia. Mtaani hakuna aliyeshangilia. Watoto wa shule walimwita Popo. Watu wazima walimwita Mama Msiba, tena akiwa anasikia.

"Hii unaikumbuka?" alimuuliza Sauda, akiinua ile sketi.

"Nitaisahauje? Ulinizungusha soko zima tukiokota miavuli iliyovunjika."

Ilikuwa na mapande kumi na sita ya miavuli. Tukuyu miavuli huvunjika kila wiki na hutupwa popote. Tusekile aliifumua, akaifua, akaiunganisha, na alipotembea sketi ile ilitoa mlio mkavu kama majani ya mgomba yakipigwa na upepo. Pembeni yake lilikuwepo koti refu la mtumba la sokoni Mpuguso, ambalo mama yake mzazi alilikataa kwa macho lakini akamsaidia kulibeba. Na juu ya mto ilikuwepo kola ya kufuma. Zamani hiyo kola ilikuwa kitambaa cheupe cha kochi la bibi yake. Bibi alipofariki, Tusekile hakuweza kukiona kile kitambaa pale kwenye kochi, cheupe, hakuna kichwa kilichokiegemea. Akakichemsha kwenye rangi, akakikata, akakivaa shingoni. Tangu hapo akawa anakwenda na bibi yake kila mahali.

"Sauda, wewe baibui lako ni jeusi."

"Mwaka wa kumi na mbili sasa."

"Na hakuna aliyekuita mchawi."

"Mimi nina dini ya kunisemea. Wewe una nani?"

Tusekile aliinama. "Ninaye Asajile."

Asajile alikuwa bwana mifugo, akizunguka na pikipiki kutibu ng'ombe wa maziwa. Mara ya kwanza alikuja na ovaroli iliyochanwa na pembe, akamtazama kuanzia mabuti mpaka pete ya pua, asishtuke wala asicheke. Akauliza, "Hiyo kola umeifuma mwenyewe?" Hakuna mwanaume aliyewahi kumuuliza habari za kola. Akarudi kesho yake na suruali isiyokuwa na tatizo lolote, akaomba ishonwe.

Lakini juzi, alipokuja kumwambia kwamba baba yake amekubali aende kusalimia, alimshika mikono yote miwili na kusema taratibu, "Siku moja tu, Tuse. Vaa kitu chenye rangi. Kwa ajili yangu."

Na yeye akasema sawa.

Sauda alitoka, akarudi na gauni la kitenge, la manjano, lenye ndege wa kijani waliotawanyika kifuani na mgongoni. Tusekile alilivaa. Akatoa pete ya pua, akafuta rangi nyeusi ya kucha kwa pamba. Kwenye kioo alisimama mwanamke wa umri wake, mwenye sura nzuri ya kawaida, ambaye angeweza kuwa mtu yeyote.

"Mungu wangu," Sauda alisema, "kumbe una kiuno!"

Alitaka kumchekesha. Badala yake alimwona anaketi tena kitandani, juu ya nguo zake, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

*

Jumapili baada ya ibada Asajile alimchukua kwa pikipiki mpaka Lupepo. Mama yake, Esnath, aliwapokea kwenye migomba, mwanamke mwembamba mwenye hatua za haraka na kitenge kilichofungwa kwa nguvu.

"Karibu, mwanangu. Ndaga. Ingia, ingia, usisimame kwenye matope."

Walipika pamoja. Tusekile alimenya ndizi, Esnath akakoroga maziwa, wakaongea habari za mvua na za ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote. Wakati wa kunawa, Esnath alimmiminia maji mikononi, na hapo macho ya mama yule yakatua kwenye vidole. Pembeni mwa kucha palikuwa pamebaki vidoti vya rangi nyeusi. Esnath aliviona. Alimimina maji mengine kidogo, polepole, kana kwamba maji yangemalizia kazi iliyobaki.

"Usimwogope mzee," alinong'ona. "Ana sauti kubwa, lakini moyo wake si mkali hivyo."

Familia ile ilikuwa bado imeshika mila: mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anapisha migombani. Wakiwa nyumba moja, ukuta unakuwa katikati yao. Kwa hiyo Tusekile alikaa sebuleni na Asajile, Amoni, baba mdogo wa Asajile, akakaa karibu na mlango wa chumba, na Mzee Ambindwile mwenyewe alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta. Alichojua Tusekile juu yake ni kikohozi tu.

"Amoni," sauti ilitoka chumbani. "Amefika?"

"Amefika, kaka."

"Amevaa nini?"

Amoni alimtazama Tusekile, akaona haya kidogo. "Gauni la manjano. Lina ndege."

Kuku alipita mlangoni, akaangalia ndani, akaenda zake.

"Si ndiye wanayesema ni wa nguo nyeusi?"

"Ndiye, kaka."

"Basi leo amenivalia mimi." Kitanda kililia, mzee alikuwa amekaa vizuri. "Binti, unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Usiniogope. Wanaosema wewe ni mchawi hawana kazi za kufanya. Mimi hilo sikusemi. Lakini nimezika watoto wanne kwenye shamba hilo, ukitazama dirishani utaona misalaba. Mara nne mke wangu amevaa nyeusi humu ndani. Wa mwisho alikuwa Nsajigwa, mwaka juzi. Amebaki huyo aliyekaa hapo na wewe. Sitakuona, kwa sababu ndivyo tulivyo. Lakini nitasikia mlango ukifunguka, na nitauliza, amevaa nini? Kila siku nitauliza. Na wakiniambia nyeusi, nitajua nini kimeingia kwangu?"

Tusekile alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa matusi alikuwa na majibu ya miaka saba.

"Leo ni ndege," sauti ikaendelea, sasa ya chini. "Kesho je? Niambie ukweli, mwanangu. Hizo nyingine, utaziacha?"

Alifungua mdomo. Alitaka kumwambia kwamba zile nguo hazikuwa msiba, kwamba ndani ya zile nguo ndimo alimokuwa na raha, kwamba bibi yake yumo humo na hajambo. Lakini angesemaje hayo kwa ukuta? Akisema ndiyo, anamdanganya mzee aliyezika watoto wanne. Akisema hapana, anamzika wa tano.

"Baba, mimi... zile nguo..."

Akamgeukia Asajile. Asajile alikuwa anatazama viatu vyake. Inua kichwa, Tusekile alimwomba moyoni. Sema tu kwamba ndivyo ulivyonikuta. Sema hilo moja, mengine nitasema mimi.

Asajile aliinua kichwa. Hakumwangalia yeye. Aliuangalia ukuta.

"Ataziacha, baba. Zote. Tumeshakubaliana."

Jikoni Esnath alipiga kigelegele kabla sentensi haijaisha. Amoni alisimama, akampa Asajile mkono, akampa na Tusekile. Na kutoka chumbani ikaja sauti ambayo hakuna aliyeitarajia, sauti ya mwanaume mzee anayelia bila kujificha.

"Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo."

Wote walimtazama Tusekile wakitabasamu. Akawatazama na yeye, na uso wake, bila kumwomba ruhusa, ukatabasamu.

*

Walisimama katikati ya mashamba ya chai, mahali barabara inapopinda, kwa sababu Tusekile alimgonga Asajile begani na kumwambia asimamishe.

"Tumekubaliana lini?"

Asajile alizima pikipiki. "Tuse..."

"Nitajie siku. Nimesahau."

"Ulitaka nifanyeje? Ulimsikia mwenyewe. Sijamsikia baba analia tangu Nsajigwa. Hata siku ile hakulia mbele za watu."

"Nilimsikia. Kwani unadhani nilinyamaza kwa nini?"

"Basi unaelewa."

"Naelewa. Ningekuwa sielewi ningesimama pale pale nikaondoka." Alipangusa macho kwa mkono wa lile gauni la Sauda. "Ungenikanyaga mguu. Ungesema, baba tupe muda. Ungesema lolote, Asa. Umenijibia kama vile sikuwepo."

"Ni nguo." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Mpenzi wangu, ni nguo tu. Mimi nakupenda wewe."

"Mjini pale, maneno yananiishia kwa kuwaeleza watu wote. Kwamba siabudu mashetani. Kwamba sijafiwa. Kwamba siumwi. Wewe ulikuwa mtu mmoja ambaye sikuhitaji kumweleza."

Ukungu ulikuwa unashuka juu ya chai, na matone madogo yalikaa kwenye nywele fupi za Asajile. Alikuwa mzuri. Hilo nalo lilimchosha, kwamba hata sasa alikuwa anamwona mzuri, na mkono wake ulitaka kwenda wenyewe kumpangusa.

"Nirudi?" Asajile aliuliza ghafla. "Sema. Ukisema nirudi, nageuza sasa hivi, naingia ndani, namwambia baba nimesema uongo. Nakuapia, Tuse. Neno lako tu."

Tusekile alimtazama machoni, akaona hatanii. Angegeuza. Angepanda kile kilima, angeingia kwa mama yake aliyepiga kigelegele na kwa baba yake aliyelia, na angesema, *Tusekile amekataa*. Na kuanzia hapo mpaka kufa kwake mzee yule angeijua sauti yake moja tu, ile iliyokataa.

"Neno langu," alirudia.

"Ndiyo."

Alisubiri. Tusekile naye alisubiri, kana kwamba kulikuwa na mtu wa tatu pale barabarani ambaye angelisema. Mwisho akapanda nyuma ya pikipiki, akashika chuma cha kiti badala ya kumshika kiuno.

"Washa, tutalowa."

*

Jumanne Esnath alikuja Makandana. Alileta ndizi, dumu la maziwa, na begi kubwa tupu, lile la miraba linaloitwa shangazi kaja.

"Asajile hajui kama nimekuja," alisema akikaa. "Nimesema nikusaidie, mwanangu. Jambo kama hili ukilifanya peke yako ni gumu."

Hakukuwa na ukali wowote kwake. Angekuwa mkali, Tusekile angeweza kumkatalia. Akina mama wakali alikuwa anapambana nao kila siku kwenye fremu. Huyu alizikunja nguo taratibu kama anayemlaza mtoto. Alilaza koti, akaligeuza mikono ndani, akalipapasa kola. Alipofika kwenye sketi aliisikia mlio, akaitikisa tena kidogo, akashangaa.

"Hii umeishona wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Una mikono, wewe mtoto." Akaiweka ndani ya begi.

"Zinakwenda wapi?"

"Mzee alitaka zichomwe. Nimemwambia hapana, kuchoma kazi ya mtu ni dhambi. Kuna wajane pale kanisani hawana hata nguo moja ya msiba. Watavaa."

Kwa miaka saba Tusekile alikuwa akiwaambia watu hizi si nguo za msiba.

Mwisho ilibaki kola. Esnath aliiokota juu ya mto.

"Na hii?"

"Hiyo ilikuwa ya bibi yangu, mama. Aliifuma yeye. Ilikuwa nyeupe."

Esnath aliishika mikononi muda mrefu. Kidole chake kilifuata ua moja la uzi mpaka mwisho, kikarudi.

"Mimi nilipoolewa," alisema, "nilikwenda na blauzi yangu nyekundu. Mama mkwe akasema nyekundu ni ya wanawake wa barabarani. Nikaiacha. Nililia, usidhani sikulia." Akatikisa kichwa. "Sasa sikumbuki hata ilikuwa ya mikono mirefu au mifupi."

"Mama, naomba niachie hiyo moja."

Alisema kwa sauti ndogo sana, na kwa kitambo aliona imemfikia. Kisha mama yule akafumba macho kidogo, kama mtu anayemeza dawa.

"Ahadi ilikuwa ni zote. Nikifika ataniuliza, na mimi sijawahi kumdanganya." Akaiweka juu kabisa, taratibu, akavuta zipu. "Nisamehe, mwanangu."

Na Tusekile akamsaidia kubeba begi mpaka barabarani, kwa sababu lilikuwa zito na mama alikuwa mtu mzima.

Aliporudi aliandika kwenye Ukungu: *Nimezitoa zote.* Muda ukapita. Mwalimu wa Iringa akajibu, *Umeamua mwenyewe?* Tusekile aliandika *ndiyo*, akafuta. Akaandika *hapana*, akafuta. Akaiweka simu kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano.

*

Alhamisi jua lilitoka. Tusekile alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kundi la wanawake waliomzunguka muuza samaki, amevaa blauzi ya kijani aliyopewa na Sauda na kitenge cha kahawia. Alisikia pikipiki kabla hajaiona. Asajile alipita mbele yao, karibu kiasi kwamba vumbi liliwagusa miguu, akaegesha mbele ya fremu ya Tusekile. Alikuwa amechana nywele. Akachungulia ndani, akatoka.

"Dada Sauda, Tuse yuko wapi?"

Sauda alionyesha kwa kidole ng'ambo.

Asajile aligeuka, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua. Macho yake yakapita kwa muuza samaki, yakapita kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, yakapita kwake, yakaenda mpaka mwisho wa barabara. Yakarudi. Yakapita tena. Tusekile angeweza kuinua mkono. Angeweza kumwita, hatua hazikufika ishirini. Alisimama na samaki wake kwenye mfuko akimtazama mwanaume anayempenda akimtafuta.

Mara ya tatu alimwona. Uso wake wote ukafunguka, akavuka barabara mbiombio bila kuangalia magari.

"Sikukuona! Ulikuwa umesimama hapa hapa?" Alikuwa anacheka, anahema. "Umependeza, Tuse. Haki ya Mungu umependeza. Mshenga anakwenda Mpuguso Jumamosi kuonana na mama yako. Baba anaamka asubuhi anaimba, hujui alivyofurahi. Na mimi nataka suti yangu uishone wewe, sitaki fundi mwingine."

Alimaanisha kila neno. Hilo lilionekana wazi mpaka kwa muuza samaki, ambaye alitabasamu.

"Haya, karibu ndani nikupime," Tusekile alisema. Alijisikia akitumia sauti ileile anayowakaribishia wateja. Asajile alimpokea mfuko, akamshika mkono wakavuka barabara, na hakusikia tofauti yoyote.